Kona ya Juu Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amenipa daftari hili. Amesema amechoka kusikia habari za utumbo mezani. Nikiwa na la kulalamika niandike, yeye ale kwa amani. Ana miaka kumi na sita na ulimi wa wakili. Haya, naandika.

Mvua zimeanza. Kwenye machinjio mvua haisafishi kitu. Inachukua damu ya jana, mavi ya leo na manyoya ya mwaka juzi, inavikoroga pamoja na kutuletea hadi kwenye vifundo vya miguu. Mwaka wa kumi na tisa huu nikiwa mkaguzi wa nyama, na bado sijaizoea harufu ya ngozi mbichi iliyolowa. Inaingia kwenye nywele na kulala nami.

Kazi yenyewe ni hii. Ng'ombe akishachinjwa, maini hutundikwa kwenye kulabu, mstari mrefu ukutani, nami napita na kisu. Ini bovu nalichana alama ya msalaba, linakwenda kwenye pipa jekundu. Ini nisilolichana limepita: wachinjaji wanalishusha kwenye kreti, linakwenda kuliwa. Mwisho wa zamu natia sahihi, na baada ya hapo hakuna anayeuliza. Kreti za Jumanne na Ijumaa ni za jiko la hospitali, kwa ajili ya wajawazito na watu waliopungukiwa damu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nzi hawaijali.

Ijumaa, 7 Machi

Msimamizi wetu wa sakafu tunamwita Tabasamu, maana uso wake haujui kufanya kitu kingine. Anachinja akitabasamu, anamfukuza mtu kazi akitabasamu. Mimi ananiita Daktari, ingawa anajua fika kwamba si daktari. Kila Ijumaa ananifungia kilo ya ini kwenye gazeti. "Mpelekee mtoto, Daktari, damu iongezeke." Nachukua. Wakaguzi wote walionitangulia walichukua. Vidole vyake vina mafuta hadi ndani ya kucha, na gazeti linanata mkononi.

Jumatano, 12 Machi

Nimejigonga kipaji cha uso kwenye kulabu tupu iliyokuwa inaning'inia mlangoni. Miwani ikaanguka topeni. Miwani yangu ni namba kumi na moja na nusu, macho yote mawili. Tangu shule ya msingi navaa vioo vinene kama kitako cha chupa. Bila hiyo mimi ni mtoto wa siku moja. Nikapiga magoti, nikapapasa kwenye damu na mavi kwa mikono miwili huku watu wanacheka, mpaka mwosha utumbo akaniokotea na kuifuta kwa upindo wa gauni lake. Huyu ni mama mtu mzima anayeshinda ameinamia beseni la maji ya kijani. Yeye peke yake hakucheka.

Tabasamu alicheka kuliko wote. Kisha akabaki ananitazama kama fundi cherehani anayempima mtu kwa macho.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua kutwa. Nimesaini.

Jumanne, 18 Machi

Maini arobaini na mawili, matatu pipani. Kreti ya hospitali imeondoka mapema. Nimesaini. Soksi zangu zinanuka hata baada ya kuchemshwa.

Ijumaa, 21 Machi

Jioni nilikuwa nakata ini, ile kilo ya Tabasamu. Kisu kikazama mahali palipo laini kuliko inavyopaswa. Nilijua kabla sijaona. Usaha ukatoka, mzito, wa rangi ya haradali, ukatambaa ubaoni hadi kwenye vitunguu. Kazini nimeukuta mara elfu na sijawahi kutapika. Leo nimetapika kwenye sinki, juu ya vikombe.

Binti yangu aliinuka kutoka kwenye vitabu vyake akaja kusimama nyuma yangu.

"Mama, hili si umelikagua wewe?"

"Nimelikagua."

"Mbona hivi?"

Nikamwambia majipu mengine hukaa ndani kabisa, kisu hakiyafikii. Akanyoosha kidole bila kugusa. Upande wa nje wa ini kulikuwa na jipu lingine, jeupe, la ukubwa wa kifungo cha koti.

"Hili halipo ndani," akasema.

Halipo ndani. Jipu lile hata mpita njia angeliona. Na kreti ya hospitali imetoka leo saa nne asubuhi na sahihi yangu juu yake. Nilichukua simu niwapigie jikoni, maana wanapika kesho. Nikajiuliza nitawaambia nini: mkaguzi hajui kukagua? Nikairudisha simu mezani. Tumekula mkate mkavu, kila mtu akitazama sahani yake.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepita kwenye mstari mara mbili, polepole, pua yangu ikikaribia kugusa maini. Sikukuta lililonipita. Nimesaini.

Jumapili, 23 Machi

Machinjio hayana Jumapili. Nimesaini.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda kwa muuza miwani wangu. Nimemjua miaka ishirini. Pumzi yake ya sigara hunifikia kabla ya salamu. Akanikalisha, nikamsomea herufi zote hadi mstari wa mwisho, ule wa herufi ndogo kama vijidudu.

"Macho safi kabisa, Mama. Namba haijasogea hata robo. Wewe umechoka tu."

Nikamweleza kwamba kuna vitu sivioni. Akatoa droo ya fremu. Akasema zile zangu zimepitwa na wakati, na kioo cha kuzuia mng'ao kingenisaidia. Miaka ishirini ananiwekea vioo mbele ya macho na hajawahi kuchungulia nyuma yake kuna nini. Nikatoka nimenunua kiboksi cha miwani nisichokihitaji, kwa aibu tu.

Jumanne, 25 Machi

Kreti ya hospitali. Nimesaini.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nilijiangalia kwenye kioo cha choo cha kazini, kile chenye madoa ya chokaa. Mwanamke wa miaka arobaini na saba, macho madogo nyuma ya vioo vinene, kidoa cha damu shavuni. Nilimchukia. Anajua kuna kitu kinampita, na kila siku anachukua kalamu. Anajiambia ni kisu butu, ni mwanga hafifu wa siku za mvua. Nimesaini.

Ijumaa, 28 Machi

Tabasamu kanipa kifurushi. Nilikipokea, nikashukuru, nikakitupa jalalani bila kukifungua. Kreti ya hospitali nimeisaini kama kawaida. Ini langu nimelitupa, la wagonjwa nimelipitisha.

Jumapili, 30 Machi

Nimesaini.

Jumatatu, 31 Machi

Mwosha utumbo alinishika mkono nikiwa naosha buti. Mikono yake ina mikunjo myeupe, kama si mikono ya mtu aliye hai.

"Dada yangu, nataka nikuulize, usinikasirikie. Yale maini ya kwenye nguzo unayaacha kwa makusudi?"

"Nguzo gani?"

"Basi ni kweli," akasema.

Akanieleza. Kesho yake baada ya mimi kujigonga, Tabasamu alikuja akasimama mbele yangu upande wa kushoto nikiwa kazini, akavua kofia yake nyeupe, akaiinua juu, akaipunga. Sikugeuka. Akaleta ini, akalining'iniza palepale. Sikugeuka. Wachinjaji wakacheka. Siku iliyofuata akapigilia kulabu mbili kwenye nguzo, juu, ule upande ninaoanzia mstari. Maini mabovu anayatundika pale kabla sijaingia. Mimi napita, siyachani. Ini ambalo halikuchanwa limepita. Yanashushwa pamoja na mengine.

"Mbona hukuniambia?"

"Nina watoto wanne na kibarua cha siku kwa siku. Nawe unachukua kifurushi kila Ijumaa. Ningejuaje?"

Nikaenda kusimama pale ninaposimama kila asubuhi. Nikatazama mbele: ukuta uliopakwa chokaa. Sikuona giza wala ukungu, ni ukuta mweupe tu. Kisha nikageuza kichwa chote, juu, kushoto, kama kuku anayesikia mwewe. Kulabu mbili zinang'aa. Kwenye moja kulikuwa na ini limejaa majipu hadi limebadilika umbo, tone la maji machafu likidondoka kutoka kwenye ncha yake. Lilikuwa hatua moja kutoka kwenye uso wangu.

Nililichana. Nililichana hata baada ya kuwa limechanwa vya kutosha. Tabasamu alikuwa mlangoni.

"Kulikoni, Daktari?"

"Kulabu hizi nani kaziweka?"

"Mimi. Si unaziona siku zote? Ulinyamaza, nikajua tumeelewana."

Alisema hivyo mbele ya wachinjaji wale wale waliomwona akipunga kofia. Hakuna aliyecheka safari hii. Tabasamu peke yake.

Alhamisi, 3 Aprili

Hospitali. Daktari wa macho ni binti mdogo, mpole, ana kucha safi. Alinidondoshea dawa, akanisubirisha, akanimulika hadi nyuma ya jicho. Kisha akaniweka kwenye mashine: unakodolea nukta ya katikati, unabonyeza kitufe kila unapoona kijitaa pembeni. Nilidhani mashine imeharibika, maana ilikaa muda mrefu bila kuwasha kitu.

Akaniwekea karatasi mezani. Kwenye kila jicho, sehemu ya juu, zaidi upande wa kushoto, ilikuwa nyeusi.

"Huu ni ugonjwa wa glakoma, Mama. Watu wanauita presha ya macho, lakini jina hilo linadanganya. Presha ya macho yako leo si ya kutisha. Tungepima presha peke yake, tungekwambia nenda nyumbani."

"Nimeupata wapi? Kwenye ile damu?"

"Hapana. Nani mwingine kwenu alivaa miwani kali?"

Baba. Miwani yake ilikuwa mizito kuliko yangu. Alipofuka akiwa na miaka hamsini na nane, tukasema ni uzee, shangazi akasema karogwa. Nilimwongoza chooni kwa miaka sita.

Daktari akanichorea. Jicho la mtu asiyeona mbali ni refu kuliko kawaida, akasema, na kadiri namba inavyopanda ndivyo lilivyovutika, kama puto lililojazwa kupita kiasi. Ule mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unatokea huko nyuma, palepale palipovutika, kwa hiyo unaumia kirahisi. Mwenye namba kubwa yuko hatarini mara mbili, mara tatu, pengine zaidi, kuliko mtu wa kawaida. Kama mzazi alikuwa nao, hatari inaongezeka. Na unaanzia pembeni, ndiyo maana herufi za katikati mtu anazisoma zote.

"Mbona sikuona giza?"

"Huwezi kuliona. Ubongo unaziba pengo kwa kile kilicho jirani. Kama jirani ni ukuta, utaona ukuta."

Nikamuuliza kama litarudi lile lililopotea. Akasema halirudi. Dawa ni ya kulinda lililobaki, tone moja kila jicho kila jioni, maisha yangu yote. Nikiacha kwa sababu najisikia vizuri nitakuwa kama baba. Kisha akauliza kama nina mtoto anayevaa miwani.

Namba sita. Nilimnunulia mwenyewe, kwa muuza miwani wangu.

Ijumaa, 4 Aprili

Tone la kwanza. Linateremka kooni, chungu, kama nimelamba sabuni. Macho yamekuwa mekundu kama ya mlevi. Binti yangu ndiye anayenishikia kope.

Jumatatu, 7 Aprili

Kulabu nimezing'oa mwenyewe. Sasa naanza mstari kwa kugeuza kichwa kama feni. Tabasamu akanifuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango kwa kisigino.

"Nasikia unaumwa macho, pole. Mkaguzi asiyeona, wakijua watakutoa, si ndiyo? Na mtoto yuko shule." Akanisogelea, alinuka mafuta yaliyochacha. "Mimi nina langu, wewe una lako. Tukae hivyo hivyo, Daktari. Kulabu hazipo tena. Nani kaumia?"

Kibaya zaidi ya harufu yake ni kwamba nilipiga hesabu. Kweli, kulabu hazipo. Nikigeuza kichwa naona. Ningeweza kumaliza miaka yangu pale na mtu asijue. Nilikaa kwenye benchi robo saa nzima nikiwaza hivyo, na ndani yangu kukawa na kitu kilichokuwa kinamkubalia yule mtu.

Jumanne, 8 Aprili

Kreti ya hospitali ilikuwa tayari, kalamu ipo. Sikusaini. Nimeandika barua kwa bosi wa ukaguzi, kurasa mbili: kulabu, nguzo, kofia, macho yangu, kila kitu. Karibu kila kitu.

Jumanne, 15 Aprili

Machinjio yamefungwa. Maofisa waliingia wakiwa wameziba pua kwa leso. Jikoni hospitalini wapishi wanasema mengine waliyatupa, mengine walipika bila kutambua. Wagonjwa kumi na wanne waliharisha mwezi wa Machi. Hakuna anayeweza kusema kama ni maini au maji ya mvua.

Jumanne, 22 Aprili

Nimekutana na mwosha utumbo sokoni. Nikamsalimia. Akaniambia wiki nzima hajapata kibarua, na kwamba laiti angejua asingeufungua mdomo. Hakupaza sauti. Mikono yake imeanza kukauka na kurudi kuwa ya mtu.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimempeleka binti yangu kupimwa. Aliingia kwenye chumba cha mashine akanung'unika kwamba ana mtihani. Nilikaa nje kwenye benchi la mbao. Mshipa wake uko salama. Arudi kila mwaka, na nyumbani ajulishe ndugu wengine wa damu. "Kwa hiyo huu ndio urithi wangu," akasema njiani. "Wenzangu wanaachiwa viwanja." Nilicheka hadi nikalia, na dawa ikaniwasha.

Jumapili, 11 Mei

Mvua. Nimempigia kaka yangu, naye ana miwani kali. Anasema macho ni ya ukoo, hayana dawa. Nitampigia kesho tena.

Jumatatu, 19 Mei

Ile dawa imenirefusha kope. Jirani kaniuliza nimezibandika wapi. Nimekuwa mrembo, ila bado nanuka ngozi mbichi.

Jumanne, 3 Juni

Kamati ya uchunguzi ilikaa kwenye ofisi ya bosi wa ukaguzi, meza ndefu, chupa za maji. Tabasamu alikuwa amevaa suti. Alirudia yake: mkaguzi alijua, alichukua maini kila Ijumaa. Kisha mwosha utumbo akaitwa. Sikutegemea aje. Alisimama wima, akaeleza habari ya kofia nyeupe, akainua mkono wake kuwaonyesha ilikuwa juu kiasi gani. Tabasamu akatazama meza. Ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wake bila lile tabasamu, na haukuwa na kitu chochote.

Bosi akasoma cheti cha daktari, akanigeukia kwa upole.

"Kwa hiyo, Bibi Mkaguzi, sahihi hizi zote uliziweka bila kujua. Ulikuwa mgonjwa na umedanganywa."

Mlango ulikuwa wazi kabisa, ningetoka tu.

"Nyingine ndiyo," nikasema. "Tarehe ishirini na moja Machi nilikuta usaha jikoni kwangu, kwenye ini nililolipitisha. Sikupiga simu. Kuanzia kesho yake nimesaini siku tisa nikijua sioni sawasawa. Kreti mbili za siku hizo zilikwenda hospitali. Siku hizo tisa hakuna aliyenidanganya."

Bosi akavua miwani yake, akaifuta. Mwosha utumbo alikuwa ananitazama, na sikuweza kujua anawaza nini.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua zimekatika. Tabasamu amefukuzwa, kesi yake iko polisi. Machinjio yamefunguliwa na mwosha utumbo amerudi kwenye beseni lake, na safari hii kapewa glavu.

Mimi niliitwa kuchukua barua. Nimeondolewa kwenye ukaguzi, nimepewa onyo, nimepelekwa stoo ya ngozi kuandika zinazoingia na kutoka. Katika dunia nzima wamenitafutia harufu ile ile. Sababu iliyoandikwa: "kutokana na maradhi ya macho." Basi.

"Na siku tisa?" nikauliza.

Bosi akashusha pumzi. "Mama, tumejitahidi kukusitiri. Saini uende."

"Siwezi kusaini wakati siku hizo hazimo humo."

Alinitazama kama vile nimemwagia uchafu mezani. Kisha akachukua kalamu, akaandika chini mstari kuhusu zile siku tisa, kwa hasira, mwandiko wa kulala, akaisukuma karatasi upande wangu.

Niliishika kwa mikono miwili. Nikageuza kichwa, nikaanza na kona ya juu kushoto, nikashuka mstari kwa mstari, sikuruka neno. Alipiga vidole mezani, nikamwacha apige. Nilipofika mwisho nikasaini.